Bloku la kurusha linagoma? Anza na dalili, nguvu iache kwanza

"Kaka, nimeongeza nguvu mpaka hamsini, bado halirushi." Ukikaa kwenye kijiwe chochote cha gemu hapa Dar, iwe Sinza au Mbagala, utaisikia hiyo sentensi, au ndugu yake: "Nimeweka hamsini, limenitupa nimekufa." Wote wawili wameshika namba ambayo mara nyingi haina kosa. Bloku la kurusha, yaani lile linalomtupa juu anayelikanyaga, likigoma huwa limegoma kwa sababu halijamwona mchezaji, au limemwona akiwa ameshapita, au limemwona mara mbili. Nguvu ndiyo ya mwisho kuguswa.

Mwongozo huu ni wa Luanti, gemu huria ya mabloku ambayo hadi Oktoba 2024 iliitwa Minetest. Ni ya bure, inakubali kwenye simu za Android za kawaida na kwenye kompyuta za mtumba za Kariakoo, na modi zake, yaani nyongeza unazoziweka kwenye gemu, ni faili za lugha ya Lua zinazofunguka kwa programu yoyote ya kuandikia. Kwa hiyo karibu kila tatizo nitakalolitaja unaweza kulikagua kwa macho yako.

Kwanza, nani anamrusha nani

Mabloku ya kurusha yako ya aina mbili, na dalili zake hazifanani.

Aina ya kwanza ni bloku lililopewa kundi la `bouncy`. Hili halina msimbo wa kurusha ndani yake. Limeandikiwa asilimia tu, na simu yako ikiona umelidondokea inakurudisha juu kwa sehemu hiyo ya kasi uliyokuja nayo. Ukisimama juu yake umetulia halikufanyi kitu. Namba ikiwa chanya, kubonyeza kitufe cha kuruka wakati wa kutua huongeza mdundo, na kitufe cha kunyata huupunguza. Ikiwa hasi, mdundo ni uleule na huna uwezo wa kuubadili.

Aina ya pili ndiyo inayosumbua watu. Modi inachunguza nani amesimama juu ya bloku, kisha inaita `player:add_velocity`. Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui: katika Luanti mwendo wa mchezaji unakokotolewa na simu au kompyuta yake mwenyewe, siyo seva, yaani mashine inayoendesha dunia mnayochezea. Seva ni konda anayegonga bodi. Anayekanyaga mafuta ni simu yako. Kati ya kugonga na kukanyaga kuna muda, na matatizo mengi ya hapa chini yanazaliwa ndani ya muda huo.

Namba za kukaa nazo kichwani: mruko wa kawaida ni kasi ya mabloku 6.5 kwa sekunde, na unakupandisha juu kidogo ya bloku moja. Kimo hakikui sambamba na kasi. Kinakua kwa mraba wake. Chukua kasi, izidishe kwa yenyewe, gawa kwa 39, utapata kimo kwa kukadiria. Kasi 20 inakupa mabloku kama 10. Kasi 30 inakupa kama 23. Hamsini ya yule kaka ni zaidi ya mabloku 60, sawa na ghorofa refu la Posta.

"Bloku lenyewe silioni"

Sababu inayoongoza: modi imewekwa kwenye simu, lakini haijawashwa kwenye dunia husika. Kila dunia ina orodha yake ya modi. Ichague dunia, fungua sehemu ya kuchagua modi, iwashe, halafu ingia upya.

Inayofuata: umeiweka modi kwenye simu yako wakati unacheza kwenye seva ya mwenzako. Huo ni upotevu wa bando. Kwenye Luanti modi inakaa kwa mwenye seva peke yake, na picha na maumbo ya mabloku hutumwa kwa wachezaji wanapojiunga. Mwambie mwenye seva aiweke yeye.

Kisha kuna folda. Ukipakua modi ikiwa imefungwa kwenye zip, mara nyingi inafunguka ikawa folda ndani ya folda, au folda yenye jina linaloishia na `-master`. Faili la `init.lua`, lenye msimbo wa modi, linatakiwa lionekane ukishafungua folda ya modi mara moja tu. Kama `mod.conf`, faili la maelezo ya modi, haikutaja jina la modi, basi jina linachukuliwa kutoka kwenye folda, na jina la modi halikubali kistari wala herufi kubwa. Ondoa hiyo `-master`.

Mwisho, tegemezi, yaani modi nyingine ambazo modi yako haiwezi kufanya kazi bila hizo. Soma mstari wa `depends` ndani ya `mod.conf`. Kama imetajwa `mesecons` na wewe huna, modi yako haitapakiwa hata ukiiwasha mara ngapi.

*Simama hapa kama* modi inakutaka uiandike kwenye `secure.trusted_mods`, au uzime ulinzi wa `secure.enable_security`. Ruhusa hiyo inaipa modi nafasi ya kugusa mafaili mengine ya kompyuta yako. Bloku la kurusha halina sababu yoyote ya kuihitaji. Ifute, tafuta nyingine.

"Nakanyaga, hakuna kinachotokea"

Angalia kama unapaa. Sitanii: kati ya malalamiko ya namna hii, mengi yanaishia hapo. Mtu alikuwa akijenga huku amewasha hali ya kupaa, kashuka mpaka usawa wa bloku, na anadhani amesimama. Hali ya kupaa inameza msukumo wowote. Kwenye kompyuta bonyeza K. Kwenye simu kuna kitufe chake pembeni mwa skrini.

Halafu angalia kama umekaa kwenye kitu. Mchezaji aliyepanda mtumbwi au kigari amebandikwa kwenye hicho chombo, na msukumo wa kwake hauna kazi mpaka ashuke.

Tatu, huenda bloku ni la aina ya `bouncy` na wewe unategemea likurushe ukiwa umesimama. Panda juu ya bloku la jirani, ulirukie. Likikudundisha ni zima.

Kama yote ni sawa, nenda kwenye faili la `debug.txt`. Kwenye simu, ukurasa wa maelezo ya programu una kitufe cha kulituma faili hilo, jitumie mwenyewe WhatsApp ulisome kwa utulivu. Tafuta neno ERROR karibu na jina la modi yako. Usipokuta kitu, fungua `init.lua`. Ukikuta `set_velocity` imeitwa juu ya mchezaji, umeshapata jibu: amri hiyo ni ya vitu na wanyama, kwa wachezaji inapuuzwa kimya bila kulalamika. Badilisha iwe `add_velocity`. Modi za zamani zinatumia `add_player_velocity`. Hiyo imeshaachwa rasmi, nayo ibadilishe ukiwa humohumo.

"Mara linarusha, mara linagoma"

Hapa ndipo watu wanapoongeza namba mpaka wanachoka. Nitakaa kidogo, maana sababu ziko kadhaa na zinafichana.

*Muda wa ukaguzi.* Fungua `init.lua` utafute jinsi modi inavyowachunguza wachezaji. Nyingi zimeandikwa kwa mtindo wa ABM (kazi inayojirudia kwenye bloku kila baada ya muda fulani) wenye `interval = 1`, yaani bloku linaamka mara moja kwa sekunde. Mchezaji anayetembea kawaida anakwenda mabloku 4 kwa sekunde. Bloku moja analivuka kwa robo sekunde, hivyo akipita bila kusimama ana nafasi moja kati ya nne ya kukutwa. Yule aliyesimama akasubiri anarushwa kila mara, na hapo ndipo mtu anasema "kwangu linafanya kazi". Jaribu hivi: simama juu yake, hesabu mpaka mbili. Likikurusha, modi haina ugonjwa mwingine, ina usingizi tu.

Dawa ni kuhamishia ukaguzi kwenye `core.register_globalstep`, inayoitwa kwenye kila hatua ya seva, yaani kila seva inapopiga duru moja ya kazi zake. Hatua hiyo kwa kawaida ni sekunde 0.09. Anayetembea atakuwa amesogea theluthi ya bloku tu, hawezi kuponyoka. Ila aliyewasha mwendo wa haraka anakwenda mabloku 20 kwa sekunde, na katika hatua moja anameza karibu mabloku mawili. Kwa huyo usihangaike na msimbo, panga mabloku matatu kwa mstari. Lakini kabla ya kuyapanga soma dalili ya "Limenirusha mpaka mawinguni" hapo chini, maana ina deni lake.

*Bloku linaangalia pasipo.* Hili ndilo kosa ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu halionekani mpaka uchukue karatasi. Katika Luanti namba ya bloku ni ya katikati yake. Bloku lililo kwenye kimo cha 10 linaanzia 9.5 na kuishia 10.5. Ukisimama juu yake, `get_pos()` inarudisha mahali pa nyayo zako, 10.5. Modi ikizungusha namba hiyo, yaani ikiipeleka kwenye namba kamili iliyo karibu, moja kwa moja inapata 11, na 11 ni hewa. Modi inauliza, "hewa hii ni bloku la kurusha?" Jibu ni hapana. Wewe umesimama juu ya bloku zima kabisa na halikutambui.

Na kwa kuwa 10.5 iko mpakani hasa, tofauti ndogo ya desimali inaweza kuiangusha upande wa 10. Ndiyo maana mara linarusha, mara halirushi. Kuna alama moja ya kulitambua kosa hili: kwenye matoleo ya sasa nusu huzungushwa kuelekea mbali na sifuri, kwa hiyo chini ya usawa wa sifuri, kule migodini, 9.5 hasi inakuwa 10 hasi, na 10 hasi ndilo bloku lenyewe. Ukisikia mtu anasema "chini linakubali, juu linagoma", usimcheke. Amekuletea jibu.

Dawa ni kupunguza kidogo kabla ya kuzungusha:

```
local p = player:get_pos()
p.y = p.y - 0.05
local chini = core.get_node(vector.round(p))
```

Kwa nini 0.05 na siyo 0.1 kama wengi wanavyoandika? Kwa ajili ya mabloku membamba. Kama la kwako ni kibao cha unene wa moja ya kumi na sita, kikiwa kwenye kimo cha 10 uso wake uko 9.5625. Ondoa 0.1 unapata 9.4625, inazungushwa kuwa 9, na 9 ni udongo ulio chini ya kibao. Ondoa 0.05 unapata 9.5125, inakuwa 10, umekipata. Namba hiyo moja inafaa kwa kibao na kwa bloku zima.

*Umesimama ukingoni.* Mwili wa mchezaji una upana wa bloku 0.6, lakini `get_pos()` inasoma katikati yake tu. Unaweza kuwa umelikanyaga bloku la kurusha kwa upande mmoja huku katikati yako iko juu ya jirani. Hili siyo kosa la modi. Zungushia bloku uzio mfupi ili mtu aingie katikati.

*Seva imechoka.* Dunia nyingi za vijana wetu zinaendeshwa na simu ya mmoja wao, wengine wakijiunga kwa hotspot yake. Mpango mzuri sana, maana mkicheza kwa anwani ya ndani bando haliliwi na mchezo. Tatizo ni joto. Januari, chumba cha bati, simu iko kwenye chaji, inaendesha seva, inachora dunia, inagawa hotspot. Ikipata moto inajipunguzia kasi, na hatua ya 0.09 inageuka nusu sekunde au zaidi. Itoe kwenye chaji, punguza umbali wa kuona, iweke mbele ya feni. Na mwenye simu asitoke kwenda kujibu meseji katikati ya mchezo: Android inaweza kuisimamisha programu iliyoachwa nyuma, na wote mtabaki mmeganda.

*Simama hapa kama* mgongo wa simu umeanza kuinuka au kioo kinaachia pembeni. Hiyo ni betri imevimba. Izime, usiichaji, usiibonyeze irudi, mpelekee fundi. Gemu itasubiri.

"Limenirusha mpaka mawinguni"

`add_velocity` inajumlisha. Haiweki kasi kuwa 20, inaongeza 20 juu ya iliyopo. Ukilishika hilo, mengi yanajieleza yenyewe.

Sababu ya kawaida ni kurushwa mara mbili. Seva inakuona juu ya bloku, inatuma amri. Amri iko njiani. Hatua inayofuata inafika, taarifa za simu yako bado zinasema uko palepale, seva inatuma amri nyingine. Zinafika zote: 20 na 20, jumla 40, na kimo siyo mara mbili bali mara nne. Mtandao ukiwa mzuri hulioni hili. Mkijaa sita kwenye hotspot moja linaanza.

Dawa ni mapumziko kwa kila mchezaji. Weka jedwali lenye jina la mchezaji na wakati aliporushwa mara ya mwisho, na usimrushe tena kabla ya sekunde moja kupita. `core.get_us_time()` inakupa wakati kwa mikrosekunde, kwa hiyo sekunde moja ni 1000000. Hesabu sifuri vizuri.

Ya pili ni yale mabloku matatu kwa mstari. Kama kila bloku linatafuta wachezaji kwa `get_objects_inside_radius`, miduara yao inaingiliana, na mtu wa katikati anarushwa na yote matatu. Kasi mara tatu, kimo mara tisa. Modi inayouliza "mchezaji huyu amesimama juu ya nini" haina shida hii. Modi inayouliza "karibu na bloku hili kuna nani" inayo. Ukipata nafasi ya kuchagua, chagua ya kwanza bila kusita.

Ya tatu ni mchezaji mwenyewe. Anayeingia huku amebonyeza kuruka anajumlisha 6.5 zake. Ishirini inakuwa karibu 26, na mabloku 10 yanakaribia 18. Wengine wanaipenda hiyo, wanaiita ujanja. Kama dari lako liko kwenye 12, haitakupendeza.

"Napanda, nagonga kitu hewani, au narudishwa chini"

Hizi ni dalili mbili zinazosimuliwa kama moja, kwa hiyo uliza vizuri: amesimama ghafla angani, au amejikuta tena pale alipoanzia?

Akisimama ghafla, kama aliyegonga kioo, ni ramani haijafika. Luanti inatuma dunia kwa vipande vya mabloku 16 kwa 16 kwa 16. Kipande ambacho simu haijakipokea kinahesabiwa kuwa kigumu, ili usidumbukie kwenye utupu. Ukirushwa juu kwa kasi kuliko kasi ya vipande kufika, unagonga mpaka wa kipande kitupu, na kasi yako yote inaishia hapo. Mara ya pili unapita vizuri kwa sababu kipande kimeshafika. Hiyo ndiyo alama yake: mara ya kwanza baada ya kuingia inagoma, zinazofuata ziko sawa. Kaa sekunde chache chini ya njia ya kurushwa ukitazama juu, ndipo ukanyage. Kwa dunia ya watu wengi, gawa safari: kasi ndogo hadi kituo cha kwanza, bloku jingine hapo, endelea.

Akirudishwa alipoanzia, kuna mkono wa seva. Seva yenye wachezaji wengi ina kinga dhidi ya wadanganyifu, na ikiona mtu amesogea kuliko inavyotarajia inamrudisha. Kwenye faili la kumbukumbu, lile la `debug.txt`, itaandika `moved too fast` pamoja na jina lake. Ukicheza peke yako kinga hii haifanyi kazi, na ndiyo sababu modi ilipita majaribio yote nyumbani, ikafeli mlipojiunga wengi. `add_velocity` huwa inaiarifu kinga kwamba msukumo huu ni halali. Modi inayomsogeza mtu kwa njia za kando haiarifu. Anza kwa kusasisha modi, na Luanti yenyewe, kwa mwenye seva. Kuizima kinga ni hatua ya mwisho, tena kwa dunia ya watu mnaojuana tu.

*Simama hapa kama* seva siyo yako. Mpelekee mwenyewe ule mstari wa kumbukumbu kama ulivyo. Kujaribu kuikwepa kinga kwenye seva ya mtu kutakufanya ufungiwe, na atakuwa na haki.

"Linarusha juu vizuri, mbele haliendi"

Hili linawakuta wanaojenga usafiri. Nimeona ramani ya jiji ambamo vituo vya mwendokasi kuanzia Kimara hadi Kivukoni vimewekewa mabloku ya kurusha badala ya mabasi, na abiria wote walikuwa wanaangukia hapohapo walipopandia. Wenye ramani wakapandisha kasi ya mbele hadi 80. Hakikubadilika kitu cha maana.

Sababu ni kwamba simu haiachi mwendo wa mlalo upotelee peke yake. Kila wakati inauvuta kuelekea kile kidole chako kinachotaka, na kama hujashika kitufe cha mbele, unachotaka ni sifuri. Ardhini inauvuta kwa nguvu zaidi, angani kwa upole kidogo, lakini hata angani inauvuta. Kwa hiyo agiza abiria washike kitufe cha mbele tangu kabla ya kukanyaga, na mpe msukumo wa juu unaotosha kumwondoa ardhini kabla wa mbele haujaliwa. Kwa safari ndefu panga mabloku kwa mnyororo, kila atuapo arushwe tena. Au, kwa maoni yangu, tumia reli na vigari. Bloku la kurusha ni la kupanda juu. Kulifanya basi ni kulionea.

Wanyama na vitu vilivyodondoshwa ni habari nyingine. Modi nyingi za wanyama hujiandikia kasi upya kila hatua, zinafuta msukumo wako. Kama mbuzi hapai, muulize mwandishi wa modi ya mbuzi.

"Nafika salama, nakufa nikitua"

Kuanguka hadi mabloku kama 5 hakuumizi. Baada ya hapo kila nyongeza ya kasi ya kutua inakula uhai, na kutoka mabloku kama 30 mchezaji mwenye uhai wote 20 anakufa. Kama unatua usawa uleule ulioanzia, kasi ya kutua ni ileile ya kurushwa: toa 14, kinachobaki ndicho unachopoteza. Kasi 20 inakula 6. Kasi 30 inakula 16. Kasi 34, kaburini.

Kwanza angalia unatua wapi. Chimba dimbwi la maji yenye kina mahali pa kutua, ni rahisi na halihitaji modi. Kama unaandika modi yako, lipe bloku la kutulia kundi la `fall_damage_add_percent` lenye thamani ya -100. Bloku la aina hiyo linafuta maumivu yote kwa anayelitua. Mara nyingi watu wanaliwekea bloku la kurusha peke yake, halafu mchezaji anatua hatua mbili pembeni. Panua eneo.

"Nimesharushwa, sasa naruka juu kila mahali"

Modi yako haitumii `add_velocity`. Inabadilisha `physics_override`, yaani inakupunguzia uzito kwa muda, na imesahau kukurudishia. Toka kwenye dunia, ingia tena: hali hiyo haihifadhiwi. Ikijirudia, kuna modi mbili zinazogombea uzito wako. Viatu vya mbio na bloku la kurusha ndio wagomvi wa kila siku. Zima moja.

"Umeme ulikatika tukicheza, dunia haifunguki"

Hili halihusu kurusha, lakini linaletwa pamoja, kwa sababu mtu alikuwa anajaribu bloku lake kompyuta ilipozima. Usiingie tena kwa papara, na usifute chochote ndani ya folda ya dunia. Hasa ukikuta faili liitwalo `map.sqlite-journal` pembeni ya `map.sqlite`, liache. Linaonekana kama takataka, lakini ndilo ambalo hifadhidata inalitumia kurudisha kazi iliyokatikia katikati. Ukilifuta unaweza kuipoteza dunia iliyokuwa inaponyeka.

Nakili folda nzima ya dunia kwenye flashi kwanza. Kisha fungua ile ya awali ukiwa umezima modi ya kurusha. Ikifunguka, washa modi, uingie tena. Mabloku ya modi iliyozimwa yataonekana kama mabloku yasiyojulikana. Usiyavunje, yatarudi modi ikirudi. Ikigoma na `debug.txt` inataja hifadhidata iliyoharibika, acha mikono. Mpe nakala ya flashi mtu anayeijua SQLite, ambayo ndiyo hifadhidata ya `map.sqlite`, na folda ya awali ibaki kama ilivyo mpaka akujibu.